Mbwa anakohoa kama amekwamwa na mfupa, na nyumba imegawanyika

BARUA

Daktari, habari za kazi.

Nina mbwa dume anaitwa Kamanda, ana miaka minne. Ni chotara wa mbwa wetu wa kienyeji na German Shepherd, na kazi yake ni ulinzi: mchana yuko bandani, saa nne usiku tunamfungulia azunguke uani. Mwezi uliopita tulipata msiba huko Same, tukakaa siku tisa. Kamanda nikamwacha kwa rafiki yangu ambaye ana mbwa watano. Tuliporudi tulimkuta mzima kabisa, tena kanenepa.

Jumapili, siku ya nne tangu arudi nyumbani, usiku wa manane nikasikia mlio uani nikadhani ni honi ya bajaji mbovu. Kutoka na tochi, kumbe ni Kamanda. Kasimama, kichwa chini, shingo kainyoosha, anakohoa kikohozi kikavu mfululizo, mwishoni anajikamua kama anataka kutapika, linatoka povu jeupe kidogo, basi. Dakika mbili baadaye anatikisa mkia kama si yeye. Tangu siku hiyo ndiyo mtindo, hasa akibweka au akivutwa mnyororo.

Jirani akasema ni mfupa wa kuku umemkwama. Jumanne shemeji yangu akamfungua mdomo, akaingiza mkono mpaka kooni, hakukuta kitu, akaambulia mkwaruzo wa jino kidoleni. Jumatano mama mkwe akatwanga kitunguu saumu na tangawizi, tukachanganya na asali na limau, tukamnywesha kwa chupa ya soda, wawili wamemshika, mmoja anamimina. Alipaliwa sana, nyingine ikatokea puani, lakini nadhani nyingi aliimeza. Tulimpa pia vijiko viwili vya dawa ya kikohozi ya mwanangu iliyokuwa imebaki.

Sasa hapa ndani hatuelewani. Mama mkwe anasema mbwa anayetoa povu ni kichaa, twende serikali ya mtaa waje wampige risasi kabla hajamuuma mtoto. Mume wangu anataka tumpe vile vidonge vya rangi mbili tuangalie siku tatu. Mimi nina hofu kwa sababu binti yangu Neema, yuko darasa la nne, ana pumu, na ndiye rafiki mkubwa wa Kamanda. Je, kikohozi hiki kinaambukiza watu? Na dawa ya kikohozi ya mbwa inaitwaje nikainunue? Chanjo ya kichaa alichomwa mwaka juzi.

Kikohozi chenyewe kimepungua tangu jana, ila amekuwa mzito, ugali anaunusa tu kisha anarudi kulala.

Mama Neema, Kibamba, Dar es Salaam

JIBU

Mama Neema, wasomaji wengine hawajui kwamba mimi na wewe tumeshazungumza zaidi ya mara moja. Barua yako niliisoma Jumamosi jioni, na sikuiacha isubiri zamu yake ya kuchapishwa. Nilikupigia usiku uleule, kwa sababu ilikuwa na mambo mawili uliyoyapita mbio, na yote mawili hayakuwa ya kusubiri.

La kwanza ni kidole cha shemeji. Sikuwa na sababu kubwa ya kudhani Kamanda ana kichaa, lakini mkwaruzo wa jino la mbwa ambaye chanjo yake imepita mwaka haukadiriwi kwa macho. Jeraha la mbwa huoshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha mtu anakwenda hospitali na kueleza kilichotokea. Wao ndio wanaoamua kuhusu sindano. Shemeji alikuwa amekaa siku nne akisema “kamchubuko tu”. Nashukuru alikwenda Jumapili asubuhi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna daktari wa kumrudisha.

La pili ni ule mstari wako wa mwisho kabisa, ulioandika kama mtu anayeaga: kikohozi kimepungua, ila amekuwa mzito. Barua nzima ulinieleza kelele, na kelele zile peke yake zisingenitoa kitandani. Mbwa anayekohoa kwa kishindo, akimaliza anatikisa mkia na kudai ugali, namwonea huruma lakini silali macho kwa ajili yake. Yule aliyenyamaza, amelala, chakula anakinusa na kukiacha, huyo ndiye wa kukimbizwa. Kikohozi ni mlinzi wa mapafu. Kinaweza kupungua kwa sababu mwizi kaondoka, na kinaweza kupungua kwa sababu mlinzi kachoka.

Kwa hiyo swali langu kwenye simu halikuwa “anakohoaje”. Nilikuuliza: anapumuaje? Ukasema hujui. Nikakuomba uende na tochi, usimwamshe, umwangalie mbavu zikipanda na kushuka, kupanda na kushuka pamoja ni pumzi moja, uhesabu kwa sekunde 30 kisha uzidishe mara mbili. Neema ndiye aliyehesabu. Akaniambia mwenyewe kwenye simu, “Daktari, ni arobaini na sita.” Mbwa mzima aliyelala hapumui zaidi ya mara 30 kwa dakika. Nikakuuliza rangi ya ufizi. Ukamwinua mdomo wa juu pembeni, bila kuingiza vidole kati ya meno, ukaniambia si waridi, umefifia. Hapo sikuwa na swali jingine.

Wasomaji wangu, zoezi hilo halina gharama na halihitaji kifaa. Mfanyie mbwa wako leo akiwa mzima, amelala, mahali penye kivuli. Usihesabu akiwa anahema kwa joto, ulimi nje, kwa sababu Dar mchana kila mbwa anahema. Andika namba yake mahali. Siku akiugua utakuwa na cha kulinganisha.

Sasa nieleze ninavyoamini mambo yalivyokwenda. Kamanda alikaa siku tisa na mbwa watano wageni, kisha siku ya nne akaanza kikohozi kikavu chenye mlio wa honi, kinachomalizika kwa kujikamua na povu. Hiyo ndiyo picha ya kikohozi cha banda. Si ugonjwa mmoja. Ni kundi la vijidudu vinavyosaidiana, virusi na bakteria. Maarufu kati yao anaitwa Bordetella bronchiseptica, ndugu wa karibu wa kijidudu kinachowapa watoto wetu kifaduro. Unaenea kwa hewa, kwa mate, kwa bakuli la maji la pamoja, na kuanzia mbwa aambukizwe mpaka akohoe hupita siku mbili hadi 14. Rafiki yako asilaumiwe, huenda hata mbwa wake hawakuonyesha kitu.

Kikohozi hiki, kwa mbwa mtu mzima aliye na afya, kwa kawaida kinaisha chenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Anapumzishwa, hakimbizwi, habweki hovyo kama inawezekana, anakaa mbali na moshi wa mkaa na wa takataka za jioni, na mnyororo wa shingoni unawekwa kando ili koo lisivutwe. Chakula kinalainishwa kwa mchuzi usio na kitunguu. Jambo jingine ni kutomkutanisha na mbwa wengine kwa angalau wiki mbili, pamoja na yule wa jirani wanayebusiana puani kupitia geti.

Angeachwa hivyo, nadhani Kamanda angekuwa anakaribia kupona. Kilichomgeuzia mambo ni ile chupa ya soda.

Usiniudhikie, wala usimwambie mama mkwe nimemtukana. Alichofanya wanakifanya watu wengi wenye upendo, na kwa ng'ombe amekiona kikifanywa maisha yake yote. Tatizo ni kwamba mbwa aliyeshikwa kichwa juu, anayegombana, tena koo lenyewe limewasha, hana namna ya kuchagua tundu. Uliandika mwenyewe neno lenyewe: alipaliwa. Kilichotokea puani mlikiona. Kilichoingia mapafuni hakuna aliyekiona, na asali, limau na kitunguu ndani ya pafu ni taka zinazooza mahali pasipofikika. Jumatano alinyweshwa, Ijumaa akawa mzito. Kule kliniki Jumapili walimkuta na joto la 40.2, wakati mbwa mzima hazidi 39.2, na eksirei ikaonyesha weupe upande wa chini wa pafu la kulia. Homa ya mapafu.

Kitunguu nacho kina kesi yake. Saumu au maji, kibichi au kimepikwa, kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kiasi kile cha punje chache kwa mbwa wa kilo 30 hakikunitisha sana, lakini niliwaomba mwangalie mkojo kwa siku kadhaa: ukiwa wa rangi ya kahawa, mrudi haraka. Dawa ya kikohozi ya mtoto ulinisomea kibandiko chake na hatukukuta kitu kibaya, ilikuwa bahati. Nyingine zimechanganywa na dawa ya homa, nyingine zina utamu wa zailitoli unaoweza kumuua mbwa kwa kushusha sukari yake mwilini. Panadol, Brufen na diklofenaki msiguse kabisa. Brufen nimeona ikitoboa tumbo la mbwa ambaye alikuwa anachechemea tu.

Kwa mume wako: vidonge vya rangi mbili kwa siku tatu vingekuwa vichache mno kutibu homa ya mapafu, na kwa kikohozi cha banda cha kawaida pengine visingehitajika kabisa. Ndiyo maana siwezi kukutajia dawa ya kununua kama ulivyoniomba. Hakuna “dawa ya kikohozi ya mbwa”. Ipo dawa ya kijidudu, ipo ya moyo, ipo ya minyoo, na ipo ya kutuliza kikohozi ambayo ningempa Kamanda wa Jumatatu lakini ningemnyima Kamanda wa Ijumaa, maana pafu lenye uchafu linataka kukohoa. Muuzaji wa duka la pembejeo anaweza kuwa mtu mwema kupindukia, lakini hana sikio kifuani mwa mbwa wako. Tafuteni daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na muulizeni bila aibu kama ana cheti.

Nirudi kwa mama mkwe, kwa sababu hofu yake simcheki. Mbwa mwenye kichaa anaweza kabisa kuonekana kama aliyekwamwa na mfupa: taya limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, sauti yake imebadilika. Ndiyo sababu mkono wa shemeji ulinishtua kuliko kikohozi. Mbwa anayeonekana kukwamwa, huna hakika na chanjo yake, usimtie mkono kooni; mfungie mahali peke yake na umpigie daktari. Lakini Kamanda alikuwa anabweka kwa sauti yake ileile, anakunywa maji, anamjua kila mtu nyumbani, na povu lake lilikuja mwisho wa kikohozi, si mate ya kutwa nzima. Tena mbwa akishaanza dalili za kichaa kwa kawaida hamalizi siku kumi akiwa hai. Leo ninapoandika ni siku ya 16 tangu usiku ule wa tochi, na ananguruma kwenye geti. Mama mkwe apumue. Chanjo ya kichaa arudiwe kila mwaka, ila daktari ndiye atakayesema ni lini baada ya kupona.

Na hiyo si chanjo pekee. Mbwa wengi wa mjini hapa wana kadi yenye mhuri mmoja tu, wa kichaa. Ile ya mchanganyiko, inayoanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16, ndiyo inayomkinga na distempa, kirusi kilicho ndugu wa surua. Kikohozi chake huja na matongo, makamasi mazito, homa, kuhara, na baadaye misuli kucheza yenyewe na degedege. Anayedhani ni ugonjwa wa mbwa koko tu akumbuke Serengeti mwaka 1994, kirusi hicho kilipoua takriban theluthi ya simba wa hifadhi, karibu 1,000, na mbwa wa vijiji vya kando ndio waliohusishwa. Mtoto wa mbwa anayekohoa na macho yamejaa matongo apelekwe siku hiyohiyo, wala msisubiri mwisho wa mwezi.

Wako wanaosoma hapa wana mbwa wa aina nyingine kabisa, wale wadogo wa manyoya wanaolala sebuleni. Huyo akikohoa kila anapofurahi au mkanda ukimgusa shingo, mara nyingi bomba lake la hewa limelegea. Mvalisheni mkanda wa kifuani, na apunguzwe uzito. Akiwa mzee na anakohoa usiku au akilala, ufikirini moyo. Kwa sisi wa Pwani yenye mbu, kuna minyoo inayoishi moyoni na kwenye mishipa ya mapafu, huingizwa na mbu na kuchukua miezi sita au zaidi kukomaa, kwa hiyo mbwa anakohoa leo kwa kuumwa na mbu wa masika yaliyopita. Na kwa wenye mbwa wanaozurura malishoni, yupo mnyoo anayejenga uvimbe kwenye koo la chakula, mbwa humpata kwa kula wale wadudu wanaovingirisha mavi ya ng'ombe. Huyo hukohoa, hutema chakula bila kutapika, hukonda. Wote hao hawaendi kwa dharura usiku, lakini kikohozi kilichopita wiki mbili kinastahili sikio la daktari hata kama mbwa anakula.

Wa usiku ni hawa: anayepumua zaidi ya 40 akiwa amelala, anayesimama viwiko vimetanuka na shingo mbele kwa sababu akilala hewa haimtoshi, mwenye ufizi mweupe au wa bluu, aliyezimia, anayekohoa damu, aliyekataa chakula siku nzima huku akikohoa. Wakati wa kumpeleka msimfunge kamba mdomoni, anahitaji mdomo huo kupumua. Rekodini kikohozi kwa simu, kwa sababu mbwa akifika kliniki huwa anakaa kimya kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Na pigeni simu kabla ya kuingia, ili asikae benchi moja na mbwa wenzake akawagawia.

Kuhusu Neema na pumu: vijidudu hivi ni vya mbwa, na mtu mwenye kinga ya kawaida si rahisi kuvipata. Anayepaswa kukaa kando ni mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, kama anayetumia dawa za saratani. Neema anawe mikono, asilambwe usoni, na kama manyoya yanamchokoza kifua hilo ni la kumuuliza daktari wake, halikuanza na kikohozi hiki.

Kamanda alilazwa siku tatu, akapata sindano na maji ya mshipa, sasa ana vidonge vya nyumbani. Msivikatize akianza kubweka vizuri. Homa ya mapafu inataka wiki, si siku. Kidonge kifichwe ndani ya tonge la ugali na dagaa, ale mwenyewe. Akikataa tonge, nipigie, usimshike. Kama wamekupangia eksirei ya pili, nenda hata kama anaonekana mzima.

Neema alinitumia picha ya daftari lake la hisabati, ukurasa wa nyuma, kapiga mistari kwa rula: Jumamosi 46, Jumatano aliporudi nyumbani 38, Alhamisi 36, Ijumaa 36, Jumamosi 31, jana 27. Kando ya 36 ya pili ameandika “hajashuka” na kuchora uso wenye huzuni. Aendelee kila usiku mpaka ziwe siku saba mfululizo chini ya 30, na zikipanda hata kidogo siku mbili zinazofuatana aniambie yeye mwenyewe, asingoje wakubwa.